Damu Niliyosema Ni Kidogo

Kama umepewa tarehe ya kupasuliwa, na unasoma haya huku umekalia kanga iliyokunjwa mara nne ili usichafue kiti cha watu, basi wewe ndiye ninayekuandikia. Sitakufundisha udaktari, kwa sababu siujui. Nitakueleza nilivyougua, nilivyongoja, na neno moja nililolisema ambalo hadi leo linaniuma kuliko kidonda.

Naitwa Kemunto. Nimeolewa Nyacheki, na kazi yangu ni kupima majani chai kwenye kituo chetu cha kununulia. Wachumaji huleta vikapu, majani yanamwagwa kwenye gunia, mimi naning'iniza gunia kwenye mizani, nasoma, natoa uzito wa gunia lenyewe, naandika. Kazi hii imenipa sifa ya ukali. Kuna watu humwagia majani maji ili yawe mazito, nami huwajua hata kabla hawajanifikia, kwa namna wanavyozidisha salamu. Nimewarudisha nyumbani hadi wazee wa kanisa. Husema, "Mama Moraa hana huruma," nami huwajibu kwamba mizani haina dhehebu. Likumbuke hilo, maana siku yangu ya kupimwa ilipofika, mimi ndiye niliyedanganya.

Ugonjwa ulianza mwaka tulipopogoa shamba la juu. Siku zangu za mwezi zilikuwa nne, zikawa saba, kisha zikawa hazina hesabu. Nilianza kwenda kituoni na pedi sita kwenye mkoba, halafu nane, halafu tisa na taulo juu yake. Mabonge yalikuwa yakitoka nikiwa nimesimama mbele ya foleni ya watu, nami nasoma mizani kama hakuna kitu. Sketi zangu zote zisizo nyeusi nilimpa dada yangu, nikabaki na nyeusi mbili. Tumbo nalo likapanda. Kanisani wanawake wakaanza kunipisha viti na kuniuliza ni miezi mingapi.

Aliyefurahi zaidi ni mama mkwe wangu. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Mzee Ombongi, baba wa mume wangu Nyakundi, alifariki miezi michache baada ya kuzaliwa kwa binti yetu Moraa, na Nyakundi ni mwana wa pekee. Miaka tisa jina la mzee lilikuwa linangojwa nyumbani mwangu. Mama mkwe hakunisumbua, sitamsingizia. Lakini aliweka blanketi la mtoto sandukuni mwake, na kila Desemba alilitoa akalianika juani. Siku nilipomwambia kwamba tumboni hakuna mtoto bali ni uvimbe kwenye kizazi, aliuliza, "Na wakitoa hiyo kitu, mahali pa mtoto patabaki?"

Ndilo swali nililolipeleka kwa daktari katika hospitali moja kubwa mjini Kisii. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ndogo. Alinionyesha kwenye picha uvimbe wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano, akasema, "Tutautoa na kukuachia kizazi, mradi damu isitushinde." Nilitoka pale nikiwa nimeishika ile sehemu ya kwanza ya maneno yake. Ile ya mwisho niliiacha mlangoni.

Kisha nikaanza kungoja. Nilipangiwa tarehe katikati ya mvua ndefu, nikafika na ndoo yangu na vikombe, nikaambiwa benki ya damu iko tupu. Nikapangiwa nyingine mwezi wa sita, mashine ya kuchemshia vyombo ikaharibika asubuhi hiyo hiyo. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ile miezi mingi unawajua watu kwa migongo yao. Benchini nilimpata Mama Zubeda, mfanyabiashara wa mitumba mjini, Mwislamu, mcheshi ambaye hata maumivu hayakuweza kumnyamazisha. Alikuwa na ugonjwa kama wangu. Alikuwa akija na chupa ya chai ya tangawizi na vikombe viwili, kikombe cha pili kikiwa cha yeyote atakayekaa karibu naye. Siku nyingine nilifika mapema ili nikae karibu naye, nakiri.

Siku moja muuguzi wa utafiti, Sista Kwamboka, alitukusanya watu saba chini ya dirisha. Alieleza kwamba kuna dawa ambayo huenda ikapunguza damu inayomwagika wakati wa upasuaji kama wetu, na wanataka kujua kama kweli inasaidia. Atakayekubali atawekewa dripu kabla ya kupasuliwa. Nusu ya watu dripu yao itakuwa na dawa, nusu itakuwa na maji ya chumvi. Atakayekataa atatibiwa vilevile kama kawaida.

"Ngoja, Sista," Mama Zubeda akasema. "Yaani mimi naweza kuwekewa chumvi ya ugali, na mwenzangu hapa awekewe dawa?"

"Ndiyo, inawezekana."

"Na nani anajua nani amepata gani?"

"Hakuna mtu pale ndani anajua. Hata daktari. Ni namba tu."

"Basi hiyo ni kama ndoa," akasema Mama Zubeda, tukacheka hadi tukashika matumbo yetu.

Kilichonivuta mimi ni mizani. Sista alisema damu haikadiriwi kwa macho. Vitambaa vya kupangusia hupimwa vikiwa vikavu, kisha hupimwa tena vikiwa vimelowa, na uzito wa kitambaa unatolewa. Hiyo ni kazi yangu, nikajiambia. Hao ni watu wa gunia tupu kwanza, halafu gunia lenye majani. Nikawaamini. Sista akanisomea fomu ukurasa kwa ukurasa. Palikuwa na mstari uliosema kwamba ninaweza kuomba mtu mwingine aniulize maswali iwapo sitajisikia huru na aliyepo. Niliitikia kwa kichwa kama nilivyoitikia mistari mingine yote, nikasaini.

Tarehe ya tatu ilikuwa Agosti, wakati wa baridi. Siku kumi kabla yake nilipimwa damu ikawa inatosha, si nyingi, lakini inatosha. Nilikuwa nimemeza vidonge vya kuongeza damu mpaka kinyesi kikawa cheusi. Mama yangu mzazi alishuka kutoka Manga kila Jumamosi na mfuko wa chinsaga, mboga chungu ambayo kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua ili damu irudi, akakaa mbele yangu mpaka sahani ikaisha. Nilitoka maabara nikitembea kwa maringo.

Siku nne kabla ya kulazwa, damu ikafunguka. Sijawahi kuona vile. Nilikaa chooni nikiwa nimeegemea ukuta, nikisikia Moraa akisoma hesabu zake nje. Nyakundi hutengeneza pikipiki Keumbu na siku zile alikuwa akilala huko huko kwa sababu ya kazi, kwa hiyo hakuona. Alipopiga simu nilimwambia ni ya kawaida. Kufikia siku ya kulazwa ilikuwa imepungua. Viganja vyangu vilikuwa vyeupe, nikavipaka mafuta.

Asubuhi ya kulazwa niliketishwa kwenye chumba kidogo chenye meza na viti viwili ili niulizwe maswali ya mwisho ya utafiti. Nilimtarajia Sista Kwamboka. Mlango ukafunguka, akaingia Ombati.

Inabidi nikueleze Ombati ni nani. Ni kijana wa miaka ishirini na tatu, mpole, msomi, anayeandika na kutunza fomu za utafiti ule. Lakini pia ni mtoto wa uzeeni wa babu mdogo wa mume wangu, kwa hiyo kwa hesabu ya ukoo yeye na marehemu Mzee Ombongi ni ndugu. Nyakundi humwita baba. Kwangu mimi ni baba mkwe. Na kwetu Gusii kuna kitu kinaitwa chinsoni, ile haya iliyowekwa kati ya mke na wazazi wa mumewe. Baba mkwe haingii chumbani mwako, hamshikani mikono, na habari za mwili wako hazitajwi masikioni mwake. Mjini vijana wanaicheka. Bomani haichekwi.

Nilipoolewa tulikuwa tunateremka mtoni na mama mkwe, tukakutana na Ombati akiwa na kaptura ya shule, anapiga mpira wa karatasi. Mama mkwe akanivuta mkono nitoke njiani, niinamishe uso.

"Huyo ni baba yako," akaninong'oneza.

"Huyo mtoto?"

"Hata kama kamasi bado inamtoka. Mpishe."

Nikampisha. Nimempisha tangu siku ile, harusini, matangani, sokoni. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu.

Sasa alikuwa amekaa mbele yangu na kalamu. Naye alinitambua, kwa sababu alisoma jina langu kwenye faili kisha akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika.

"Habari ya asubuhi, Mama Moraa."

"Nzuri."

Aliniuliza umri, nikajibu. Aliniuliza kama nina mzio wa dawa yoyote, nikajibu. Kisha akashusha sauti, macho kwenye karatasi.

"Tangu upimwe damu maabara, umetokwa na damu? Hakuna, kidogo, ama nyingi?"

Niliangalia kalenda ukutani.

"Kidogo."

"Pedi ngapi kwa siku, ilipokuwa nyingi zaidi?"

"Mbili."

Akaandika. Hakuniangalia, sikumwangalia. Alisema asante, akatoka haraka kuliko alivyoingia, na mimi nikashusha pumzi kwa faraja. Hebu fikiria, nilifarijika.

Sitaki kuisingizia mila peke yake. Moyoni nilijua pia kwamba nikisema nyingi nitapimwa upya, na nikipimwa upya tarehe ya tatu itapotea kama zile mbili. Lakini najijua. Angekuwa Sista Kwamboka, ningesema tisa. Ningelalamika, ningelia, ningemwomba asiwaambie madaktari, lakini ningesema tisa.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi kuliko nje. Nakumbuka mfuko wa dripu wenye namba, maji yake meupe yasiyosema ni dawa au ni chumvi. Nakumbuka mizani ndogo juu ya meza ya pembeni, imefunikwa nailoni safi, mfano wa ile ya kupimia nyama. Nilitaka kumwambia mtu kwamba nami ni mpimaji. Usingizi ukanichukua kabla sijafungua mdomo.

Niliamka jioni. Nyakundi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na jaketi lake la kazi, mafuta ya pikipiki mikononi, plasta ndani ya kiwiko. Nilimwuliza saa ngapi.

"Madaktari walitoka mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza wakauliza watu wa kutoa damu. Nikatoa. Wale vijana wawili wa gereji nikawapigia wakakuja wakatoa. Lakini inapimwa kwanza, haiwekwi hapo hapo. Ile walikuwa wamekuwekea chupa mbili ikaisha."

"Na mara ya pili?"

Alikunja kofia yake.

"Wakaleta karatasi. Daktari akasema ni wewe ama ni kizazi. Nikasaini, Mama Moraa. Nisamehe. Nikasaini."

Niligeuza uso ukutani. Sikulia kwa sauti kwa sababu mshono haukuruhusu. Nililia kwa machozi tu, yakaingia sikioni, na Nyakundi akayapangusa kwa ncha ya shuka kwa sababu mikono yake ilikuwa michafu. Nilimwona anavyojilaumu. Ningeweza kumwambia pale pale kwamba mimi ndiye niliyeingia mle ndani na damu nusu, nikasema imejaa. Sikumwambia.

Mama Zubeda alipasuliwa siku iliyofuata, akarudi na kizazi chake. Alipoweza kutembea alikuja kunifunga kanga yake kiunoni ili ule mrija wa damu usionekane na wageni. Wodi yetu ilitenganishwa na ya wazazi kwa mbao tu, na vitoto vililia mchana kutwa. Mama Zubeda alikuwa akivisikia kabla yangu, anaanza kuongea kwa sauti kubwa kuhusu bei ya marobota ili avifunike. Hakuwahi kusema kwamba ndicho anachofanya.

Nyumbani nilikuwa mzigo. Sikuweza kuinua jagi la maji. Nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu, na tumbo lililokuwa limejaa likalegea kama gunia lililomwagwa. Moraa alinisuka akiwa amesimama nyuma ya kiti, taratibu, akiogopa kunivuta. Wakati huo mama mkwe alikuwa hasemi na mwanawe. Alimpa chakula, akamfulia, lakini hakusema naye. Siku moja nikiwa kitandani nilimsikia nje, sauti yake haikuwa kali, ilikuwa imechoka.

"Nyakundi, ulisaini jina la baba yako lipotee."

Nilimsikia Nyakundi akivuta pikipiki bila kuiwasha, akaisukuma mpaka barabarani.

Kuanzia siku hiyo Nyakundi aliacha kusaini. Hakutangaza. Moraa alipoleta ripoti ya shule muhula ulipofungwa, aliisoma yote, akamsifu, kisha akanisukumia na kalamu. "Saini wewe, Mama Moraa." Ikaja barua ya safari ya shule. "Saini wewe." Mwanamume aliyekuwa akisaini kwa mkia mrefu kama wa mwalimu mkuu. Nikasaini mimi, na kila nikisaini nilijua kwamba kosa alilokuwa akijiadhibu kwalo lilikuwa langu. Nilijiambia nitamweleza nikipona. Ndivyo mwoga anavyojipangia tarehe.

Baada ya wiki sita nilirudi kliniki. Sista Kwamboka alinipima, akaniambia kidonda kimefunga vizuri. Nilimwuliza uzito wa damu yangu. Alifikiri kidogo kama inafaa kuniambia, kisha akasema ilikuwa zaidi ya kilo mbili. Hizo ni kilo anazochuma Moraa asubuhi kabla hajaenda shule.

"Shida haikuwa hiyo peke yake," akasema Sista. "Watu wengine wamepoteza kama hiyo na tukawaachia kizazi. Ni vile uliingia na damu kidogo sana kuliko tulivyofikiri. Tungejua, tungekusogeza mbele wiki tatu, tukuongeze damu kwanza."

Alisema kwa upole, bila kunishuku. Nikauliza kama nilipewa dawa au chumvi. Akasema bado hawajui, na hawatajua mpaka mgonjwa wa mwisho amalize. Nikashukuru, nikaondoka. Njiani sikuwaza dawa wala chumvi. Niliwaza wiki tatu. Nilikuwa nimengoja miezi minane, nikashindwa kungoja wiki tatu.

Ziara ya mwisho ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga Nyacheki wiki hiyo, majani yametoboka kama chujio, na kituoni cha kupima kilikuwa kidogo. Nilikuwa nimerudi kazini, nikikaa kwenye kiti badala ya kusimama. Siku moja kabla ya ziara, mzee mmoja alileta vikapu vya majani yaliyolowa. Nilitaka kumfukuza kama kawaida yangu, nikashindwa. Nilimwambia ayaanike kisha arudi. Aliniangalia kwa mshangao, akauliza kama bado naumwa.

Kwa hiyo Sista Kwamboka aliponiuliza kama kuna jambo lolote la kuongeza kabla hajafunga faili langu, nilisema lipo.

"Kuna kitu nilidanganya."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua faili akaenda kwenye ukurasa ule, akaona mwandiko.

"Hii aliandika Ombati. Kwa utaratibu wetu aliyeandika ndiye anayerekebisha. Nimwite? Ama tuandike maelezo pembeni, nisaini mimi?"

Nilikuwa na njia ya kutokea, unaona.

"Mwite," nikasema.

Ombati aliingia, akasalimu, akabaki amesimama. Sista alimweleza kwamba Mama Moraa anataka kusahihisha majibu yake. Akaketi. Alikuwa amekonda, au labda sikuwahi kumwangalia.

"Uliniuliza kama nimetokwa na damu," nikasema. "Ilikuwa nyingi. Siku tatu. Pedi tisa kwa siku, na taulo, na mabonge ya kujaza kiganja. Nilikuwa naona kizunguzungu. Hata nikikaa hapa mbele yako ilikuwa bado inatoka."

Nilingoja dunia ipasuke, na haikupasuka. Palikuwa na kelele za troli nje, na Ombati akiwa ameinamisha kichwa.

"Nilijua," akasema.

Sista akamgeukia.

"Nilikuona viganja," Ombati akaendelea, akizungumza na meza. "Viganja na midomo. Nikasema nimwite Sista akuulize yeye. Halafu nikaona nitamwambia nini, kwamba huyu ni mke wa mtoto wangu na mimi naona aibu? Nikaandika vile ulisema. Ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya."

Machozi yalikuwa yamemjaa. Sikujua nifanye nini na baba mkwe anayelia. Kwetu hakuna anayekufundisha hilo. Nilimsukumia kitambaa changu mezani, akakichukua bila mikono yetu kugusana.

Kisha akashika kalamu. Nikamwambia alifute kabisa lile neno, nisilione tena.

"Haifutwi, Mama Moraa. Tunapiga mstari mmoja tu, ile ya kwanza ibaki inasomeka. Halafu naandika ile ya kweli pembeni, na tarehe, na saini."

Akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya "kidogo". Pembeni akaandika "nyingi". Juu ya mbili akapiga mstari, akaandika tisa. Aligeuza karatasi ili nione. Neno langu lilikuwa pale pale, linasomeka vizuri kabisa.

Wewe uliyekalia kanga iliyokunjwa mara nne, hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Ukiingia kwenye chumba kile ukamkuta mtu ambaye mdomo wako hauwezi kumwambia, mwambie hilo moja tu: "Wewe siwezi kukuambia, niitie mwingine." Si tusi, wala halimvunjii mtu heshima. Ombati angenishukuru. Hata kwenye fomu yangu liliandikwa, na saini yangu iko chini yake.

Jioni hiyo niliwakuta Nyakundi na mama yake jikoni, kila mmoja na upande wake wa moto. Moraa alikuwa kwa jirani. Niliona nikikaa nitashindwa, nikasema nikiwa nimesimama, na mkoba bado begani. Nilisema yote: siku nne, taulo, Ombati, kidogo, mbili, wiki tatu. Nilimwambia mama mkwe kwamba mwanawe hakusaini jina la mtu lipotee. Alisaini nibaki hai. Aliyelipoteza jina la mzee ni mimi.

Nyakundi aliinua uso.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu ukaniona."

"Nilikuona."

Alisimama, akatoka nje.

Mama mkwe alikuwa ameshika mwiko, uji wa wimbi unatokota, unamwagika pembeni mwa sufuria, hautazami. Nilijiandaa kwa lolote atakalosema. Kwa sauti ambayo karibu nisiisikie, akasema:

"Na mimi ndiye nilikuvuta mkono, ukampisha."

Hapo ndipo nilipolia kwa sauti, mara ya kwanza tangu Agosti. Aliweka mwiko chini, akanivua mkoba begani. Hatukukumbatiana, sisi si watu wa hivyo. Aliupakua uji uliobaki, akanipa, akakaa nami mpaka kikombe kikaisha.

Nyakundi alirudi, akalala akiwa amenipa mgongo. Kulipopambazuka alikuwa mezani, Moraa amesimama kando yake na sare yake, anangoja na fomu ya mtihani. Nilinyoosha mkono niipokee, kama nilivyozoea. Hakunipa. Alitafuta kalamu mfukoni, akaijaribu kwenye kiganja, akasaini jina lake kwa ule mkia mrefu. Alimpa Moraa karatasi. Akavaa jaketi, akapita karibu nami bila kuniangalia, akawasha pikipiki uani.